Glavu ya Joselini

Dada Hersenti,

Farasi wako amepona mguu, na mama ameanza kutembea bila fimbo.

Jana malenga aliimba jinsi nilivyomuua mumeo Joselini vitani bila kumtambua, uso wake ukiwa umefunikwa na kofia ya chuma. Watu walilia. "Huyu ndiye shujaa," bwana wetu akasema, akanijazia divai.

Ni mimi niliyemdanganya malenga. Joselini alikuwa amevua kofia. Alininyooshea glavu yake ya kulia, na anayetoa glavu hauawi. "Shemeji, nimeshindwa. Nipeleke nyumbani," akasema. Lakini nilikuwa nimeshainua upanga, na wenzangu walikuwa wananitazama.

Malenga yuko njiani kuja kwako. Akianza kuimba, mwekee mbele yake glavu hii ninayokutumia.

Kaka yako,
Engerani