Sufuria Moja kwa Muhindi

Baraka, Fizi
Tarehe 21 Septemba 2003

Mpendwa mdogo wangu Dorothée,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ng'ambo ya ziwa. Hujambo? Watoto wako Fadhili na Clarisse hawajambo? Na kile kikohozi cha vumbi la kambi, kimekuacha au bado kinakusumbua? Sisi tunaendelea. Mume wangu Anatole goti linamtesa, lakini analima hivyo hivyo huku analalamika. Muhogo umeshika vizuri upande wa Mboko, na mwaka huu hakuna aliyetukimbiza kabla ya kuung'oa. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Barua yako niliipata kwa mkono wa Henri, mwenye mtumbwi wa mashine anayevuka kwenda Kigoma. Umeniuliza neno moja tu: urudi na watoto kabla ya mvua, au ubaki huko Nyarugusu? Unasema kambini watu wanahadithiana kwamba Baraka kumepona, mpaka Muhindi amefungua restora na watu wanakula mchana kweupe bila kukimbia. Kama Muhindi haogopi, unasema, wewe uogope nini?

Nikajiambia nisikujibu kwa maneno ya kusikia. Nitakwenda kwa huyo Muhindi nile kwa kinywa changu, ndipo nikuandikie. Heri ningebaki nyumbani na sombe yangu ya majani ya muhogo.

Restora ipo, hawakukudanganya. Iko karibu na soko, katika lile duka la zamani lililokuwa limebaki kuta tupu. Mwenyewe anaitwa Bwana Kanji, amekuja na mke wake kutoka Bujumbura, mtu mpole, na Kiswahili anakijua kuliko padri wetu. Kwake sina neno baya, na utaona kwa nini. Lakini chakula chake, mama yangu!

Aliyenipeleka ni mwanangu Wilfried. Siku hizi anatafsiri kwa wazungu wa shirika, na mchana shirika linawalisha hapo. Nilivaa kitenge changu cha Pasaka, nikajipaka mafuta, nikakaa mezani nikingoja maji ya kunawa na chakula, kama mgeni yeyote mwenye heshima zake. Nilingoja weee. Hakuna aliyekuja. Wilfried akaanza kucheka.

"Mama, huku habakuletee. Simama ujipakulie."

"Nijipakulie mu nyumba ya batu? Mi niko mwizi?"

Nikasimama na aibu yangu. Kwenye meza ndefu walikuwa wamepanga sufuria sita, ziko wazi, chini yake vimishumaa vinawaka. Watu wamepanga mstari na sahani mkononi, kama ninyi huko siku ya kugawiwa unga. Tofauti ni kwamba hawa matumbo yao yalikuwa yamejaa tayari.

Dorothée, nikueleze nilichokiona. Wali wa njano, njano ile ya dawa ya vidonda. Mboga za kijani zilizopondwa mpaka zimekuwa uji, ndani yake vinaelea vipande vyeupe. Nikavidhani sabuni, kumbe ni maziwa yaliyogandishwa. Ugali hakuna hata wa kuonja. Na mukeke! Samaki wa ziwa letu, ambaye umezoea kumchoma na chumvi na pilipili basi, wamemzamisha katika maziwa yaliyochacha mpaka macho yake yamekuwa meupe. Nilimhurumia yule samaki. Mwishoni kuna wali mwingine, huo wa sukari, na nzi wawili wameshatangulia.

Zaidi ya hayo, mwiko mmoja unatembea sufuria zote. Mzungu mmoja alichota, akaramba kidole, akachota tena. Mwingine alikohoa juu ya dengu wala hakugeuza kichwa. Mwanaume wa mbele yangu, mwenye saa kubwa mkononi, alijaza sahani mpaka mchuzi ukamtiririkia kwenye kidole gumba, halafu akanipa mwiko. Mpini ulikuwa na joto la mkono wake, na unanata. Nilimwambia asante bila kuinua macho.

Nikamuuliza Wilfried kama watu wote wanachota humo humo, wanaojuana na wasiojuana.

"Njo buzuri yake, mama. Kila muntu anachota, anakula, anarudilia."

Watoto wa siku hizi! Wewe na mimi tulilelewa Swima. Unakumbuka ugomvi wa nyavu kati ya baba na jirani yetu, miaka mitatu hawasalimiani, mpaka siku walipokalishwa wakala ugali wa sufuria moja mbele ya watu. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kulitaja jambo lile tena. Kwetu, ukishakula na mtu sufuria moja, neno lenu limekwisha, ndiyo maana tulifundishwa kuangalia tunakula na nani. Lakini nilijiambia, hapa ni kwa Muhindi, mambo ya Swima hayahusiki. Hapo ndipo nilipokosea.

Nikakaa, nikala. Dengu peke yake zilikuwa na ladha ya kitu cha kuliwa. Nyingine nilimeza huku nimefunga pumzi, nikikufikiria wewe na jibu lako.

Nilikuwa katikati ya sahani niliposikia sauti nyuma yangu. Sauti ile, mdogo wangu, siwezi kuikosea. Ni ile iliyomwambia mume wako Casimir, mlangoni kwenu Lweba, nami nimesimama ndani, avue viatu kwanza. Alivivua akaviweka sawasawa pembeni, kama anaingia kulala. Wakaondoka naye, na viatu wakaondoka navyo, na wewe unajua kwamba hatukupewa hata mahali pa kulilia.

Nikageuka. Alikuwa Komanda Nicolas. Amenenepa. Bunduki hana tena begani, ana kalamu mfukoni. Alikuwa mezani na makomanda wa upande ule aliokuwa anapigana nao, wanapigana makofi ya mgongo, maana siku hizi wanaitwa kwenye mikutano ya amani na wanalishwa. Wali wa njano umemshika kwenye ndevu. Miiba ya mukeke anaitema juu ya meza. Na mkononi ana ile saa kubwa.

Yaani ni yeye aliyenipa mwiko. Na mimi nikamwambia asante.

Wilfried hakumjua kwa sura, mwaka ule alikuwa Uvira kwa masomo. Lakini Nicolas alinijua mimi. Alisimama, akaja mpaka kwetu, akafuta mdomo kwa kiganja, akasema kwa sauti ya kusikika na meza zote:

"Mama wa Lweba! Unaona? Leo tulikula sufuria moja. Ile mambo ya zamani iliisha. Uambie na dada yako arudie nyumbani, hakuna neno tena."

Naye ni mtoto wa huku huku, alijua alichokuwa anasema. Damu ya Casimir alitaka kuifuta kwa kijiko cha wali, tena wali mbaya, tena kwa kinywa changu mimi, wakati wewe uko kambini hujui lolote. Nilijisikia mchafu kuanzia ulimi mpaka tumboni. Nikatazama chini nikaona viatu vyake, vyeusi, vimesuguliwa mpaka vinang'aa.

Nikasimama, nikaingiza vidole viwili kooni.

Vyote vilitoka, Dorothée. Njano, kijani, samaki na maziwa yake, vyote juu ya vile viatu. Nikaingiza vidole tena mpaka nikatoa maji matupu. Samahani kukuandikia uchafu huu, lakini nataka uujue wote.

Watu waligeuka kutazama. Walinzi wake wawili wakasimama. Wilfried ananivuta mkono, "Mama! Mama!" Nicolas akarudi nyuma akasema:

"Huyu mama iko mugonjwa. Mumutoshe inje ya hapa."

"Siko mugonjwa," nikasema, nami kwa sauti ya kusikika na meza zote. "Mi sikukula. Bote munaona na macho yenu. Mi sikukula na huyu muntu!"

Mzungu mkubwa wa shirika akamuuliza Wilfried nimesema nini. Mtoto aliwatazama wale walinzi, nikadhani ataogopa, na nisingemlaumu angeogopa. Lakini kwa lile neno la Lweba alikuwa ameshamjua ni nani, akatafsiri. Kifaransa changu unakijua, ni cha salamu tu, lakini katikati ya maneno yake nilisikia jina la Casimir, mara mbili. Hakuna aliyeendelea kula. Nicolas alitoka nje kutafuta maji ya viatu, na hakurudi.

Bwana Kanji mwenyewe ndiye aliyenishika. Mke wake alileta maji ya kusukutua, yeye akaleta majivu akafunika sakafu kwa mikono yake. Akaniuliza polepole, "Mama, chakula kilikuwa kibaya sana?" Masikini. Nilimwambia dengu zilikuwa nzuri. Ni kweli, na niliona uchungu kuzitapika.

Siku nne hatukwenda shambani, tukingoja kuona nani atakuja. Hakuja mtu. Nasikia vile viatu amempa mlinzi wake. Na mimi bado nikipita karibu na soko na kusikia ile harufu ya bizari, natema mate na kuongeza mwendo.

Sasa jibu lako. Restora ipo. Barabara ya Uvira inapitika. Chumba chenu kiko, Anatole ameziba paa kwa nyasi mpya. Na Nicolas naye yupo, anakula vizuri. Usirudi kwa sababu ya Muhindi, na usibaki kwa sababu ya yule mwingine. Pima mwenyewe, na ukija nitakungoja ufukweni. Ila akikutumia mtu kukwambia kwamba jamaa ya Casimir ilikula naye sufuria moja, na najua atatuma, mjibu kwamba dada yako hakukula. Walioniona ni wengi. Siku ukitaka kula naye, utakula kwa mdomo wako mwenyewe. Usipotaka, hakuna aliyekwisha kula kwa ajili yako.

Nisalimie Fadhili na Clarisse, waambie mama yao mkubwa anawawekea karanga. Anatole anakusalimu, na Wilfried pia, ambaye tangu siku ile anakaa jikoni na mimi akiuliza habari za baba yake mdogo Casimir. Ninamsimulia.

Mungu aliyekuvusha ziwa ukikimbia, akuvushe tena siku utakayopenda wewe, mchana, bila kukimbia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa tumbo tupu na moyo uliojaa,

Wabiwa