Hodi kwa Bi Chausiku

Jumatatu, 1 Julai 1996
Nimekula tena. Ubwabwa wa watu wanne, peke yangu, nimesimama jikoni. Kisha nikakwangua ukoko. Njaa sikuwa nayo! Daktari amesema wazi: sukari isiposhuka mwezi huu, mguu wa kushoto utakatwa. Nilitoka kijijini kwetu Liuli mwaka hamsini na saba kwa miguu hii. Miaka ya foleni za unga na sukari niliivumilia. Maduka haya yaliyojaa ndiyo yananimaliza.

Jumamosi, 6 Julai 1996
Kikundi cha sisi tusioweza kujizuia kula, nyumbani kwa nesi Juliana, Kihonda. Tuko saba. Kila mmoja anataja alichokula kwa siri. Nilitaja ukoko. Bi Chausiku, mkaanga vitumbua wa Mwembesongo, akacheka: "Kaka Ernest, sufuria yenyewe imepona?" Zamu yake ilipofika akajifunika uso kwa kanga, akasema huwa anakula vitumbua vya wateja. Hakuna aliyecheka.
Kanuni ya nesi: uchu ukikushika usikae peke yako — nenda kwa mwenzako. Wangu ni Bi Chausiku.

Jumatano, 10 Julai 1996
Uchu, saa kumi alasiri. Nilikwenda. Sijakaa vizuri, Shamimu, mke wa mwanawe, kaleta ugali na mlenda. Mgeni ataondokaje mdomo mkavu? Bi Chausiku akamfokea aondoe. Binti karibu alie — ati majirani watawaita wachoyo. Tuliongea hadi magharibi. Sikula! Nikarudi nyumbani ninalia, mzee mzima.

Ijumaa, 12 Julai 1996
Kidonda cha mguu wa kushoto kimeanza kunuka. Kliniki Jumatatu.

Jumapili, 14 Julai 1996
Naandika kwenye kochi la Bi Chausiku, ili mikono iwe na kazi. Mwenyewe hayupo — amekwenda Matombo, msibani. Nilitaka kugeuka mlangoni. Mwanawe Kondo, aliyefika jana toka Dumila, akanishika mkono: "Shikamoo babu! Rafiki wa mama arudi hivihivi?" Nikasikia kuku anapiga kelele uani. Amechinja jogoo. Kwa ajili yangu.
Nilisema nimeshiba. Akacheka: kwake mtu hashibi kabla ya kula.
Kwenye kikundi nilisema mbele ya watu sita. Kwa kijana huyu mmoja ulimi umekuwa jiwe. Nitamwambia nini — kwamba babu ni mlafi?
Sinia limewekwa. Pilau, paja lote upande wangu. Shamimu amepiga magoti, jagi na beseni mkononi. Anajua. Ananitazama, anamtazama mumewe, anainamia beseni. Kondo ananiambia niweke daftari chini, chakula kinapoa. Maji yameanza kumiminwa na mimi bado nimeshika kalamu —