Ndala Mlangoni mwa Daraja la Kwanza

Mama, shikamoo. Unisamehe kuchelewa kuandika. Wiki ya tatu sasa niko Mwanza, na mjukuu wako anatambaa tu, haniachii mkono wa kushika kalamu.

Nikusimulie ya melini. Tiketi aliyonikatia Kaka ilikuwa ya ukumbi wa daraja la kwanza, wenye zulia nene. Nikavua ndala mlangoni, kama tunavyofanya kwako ukitandika nyasi mpya sakafuni. Dada wa mlangoni akaniona niko peku. "Daraja la tatu ni chini, mama." Nikamwonyesha tiketi, akaisoma mara mbili. "Basi vaa viatu. Humu hatuingii peku."

Nilikuwa sijapumzika tangu nitoke nyumbani kuja Bukoba kupanda meli, na sakafu ya nje imelowa. Nikamwambia polepole, "Dada, huyu anatambaa. Siwezi kukanyaga na viatu anapoweka viganja." Nikamshusha mtoto, nikakaa naye zuliani.

Mzee mmoja wa suti akauliza natoka wapi. Nikasema Ngenge, Muleba. "Waitu," akasema kwa Kihaya chetu, "ni wa kwetu huyu," akavua viatu vyake. Soksi imetoboka kidole gumba. Mkewe akamwambia, "Ungesema, ningeshona." Kisha akampakata mtoto, nami nikalala saa nzima. Yule dada hakunigusa.

Wazee hao wanakaa mtaa wa pili, wanakuja Jumapili ijayo. Mungu akutunze, usibebe ndizi peke yako. Ukipata mtu wa kumpa, nitumie vile nilivyosahau: kadi ya kliniki, shuka la kijani la mtoto, pamoja na kahawa ya kutafuna ya kuwatosha wageni wawili.