Gololi za Kaburi la Asuman

Nalufenya, Jinja
Jumapili, 19 Oktoba 1997
Asubuhi ukungu mzito kutoka mtoni. Jua limeonekana saa tatu.

Mpendwa Mama mdogo Sofia,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani huko Mombasa. Goti lako je? Ile dawa ya kuchua bado unaipata? Sisi huku kwa mwili hatujambo. Presha ya Mama imeshuka, anakula vizuri, na mihogo ya nyuma ya nyumba tumeanza kuichimba. Mvua zimekuja kwa wakati wake.

Kwa moyo, sivyo. Nakuandikia kwa sababu ulikuwepo siku ile na hakuna mwingine wa kumwambia.

Unalikumbuka kaburi la marehemu kaka yangu Asuman, aliyetutoka kwa surua mwaka 1974 akiwa na miaka tisa. Siku ya arobaini wewe ulishika karai la saruji, na Mama akazichomeka gololi zake juu ya kaburi, moja moja, kwa kidole gumba. Mimi nilikuwa mdogo sana. Nakumbuka tu mikono ya Mama imekuwa ya kijivu.

Kaka Jafar, tangu apunguzwe jeshini, anakaa Nkoma kule Mbale na mkewe Namono. Amejaribu mitumba, amejaribu kuku, vyote vimemkataa. Mwezi uliopita alikutana na mzungu mmoja anayekusanya gololi za zamani. Sikuamini kama mtu mzima anaweza kuwa na shughuli hiyo, lakini yupo. Alimwonyesha Jafar kitabu cha picha, akamfundisha zipi ni za kawaida na zipi ni za thamani. Jafar akalikumbuka kaburi.

Alifika hapa Jumamosi ya tarehe 11 na nyundo na patasi, amezifunga ndani ya sweta lake la jeshi. Hata hajaketi akaanza, "Mama, kwanza dini yenyewe haitaki kaburi lipambwe."

"Dini umeipata wapi? Kwa mzungu wako?"

"Mama, mimi nasema tu."

"Sema ukiwa umekaa, Afande. Chai inapoa."

Baadaye alinivuta pembeni. Alisema, "Ruqaiya, wewe huna haraka na huna uongo. Twende ukaangalie. Ukisema hakuna kitu, naacha. Wallahi naacha." Nilipomtazama niliona shati lake limeshonwa kola upya, kwa mkono, nikashindwa kukataa.

Tukaenda makaburini, upande wa Kimaka. Niliosha ile saruji kwa maji na kitambaa, nikachungulia gololi moja baada ya nyingine. Karibu zote ni zile Baba alizokuwa akituletea kutoka kiwanda cha chapa alikokuwa askari wa lango. Ni za kijani kama chupa, ukubwa mmoja, ndani zimejaa vipovu. Zilitengenezwa kusugulia mabati ya kuchapia, wala hakuna aliyefikiria mtoto atazichezea. Chache ni za dukani, zina jani la rangi katikati, na mashine imezitoa laini pande zote.

Za thamani, kwa maelezo ya Jafar, zilifanywa kwa mkono. Fundi alizikata kutoka kwenye fimbo ya kioo ingali moto, kwa hiyo pale pa kukatwa hubaki kidonda kidogo, kama kitovu. Nyuzi za rangi ndani yake husokotwa kutoka ncha moja mpaka ya pili.

Iko moja kichwani pa kaburi. Ni ile aliyopewa Asuman na mtoto wa jirani Mhindi mwaka ule Wahindi walipofukuzwa nchini. Ina utepe mweupe na mwekundu uliosokotwa, na nyuzi za manjano zinazokusanyika kwenda chini. Ila chini ni saruji. Mashine nayo huweza kusokota rangi, kwa hiyo bila kukiona kidonda huwezi kuapa.

"Ni yenyewe?" Jafar akauliza.

"Sijui. Alama, kama ipo, imefunikwa."

Akasema ajaribu kwanza ya kijani ili mkono uzoee. Pigo la pili ikapasuka vipande. Aliviokota vyote, hata vile vya kama chumvi, akavitia mfuko wa shati. Kwenye kituo cha magari aliniambia atarudi Jumamosi kuchukua jibu langu.

Jumanne Mama alikuwa anachagua mchele. Nikamweleza yote. Hakuinua kichwa. "Ile ya Mhindi? Ilikuwa na kidonda. Niliigeuza mwenyewe kikakaa chini. Sikutaka mwanangu awekewe kitu chenye kasoro."

Basi nikawa nimejua. Mama naye akajua kwamba nimejua. "Utamwambia?" akauliza. Nikajibu kwamba Jafar ameniuliza mimi kwa sababu simdanganyi. Akaendelea na mchele.

Mama mdogo, wiki nzima nilikuwa nikienda kazini najifunza kusema "hakuna kitu". Ni maneno mawili tu. Jana Jafar alipokuja, nilimwambia ukweli. Sijui mpaka sasa kama nilifanya vema.

Jafar akafunika uso kwa mikono. Ndipo Mama akatoka chumbani, tayari amejifunga mtandio. "Lete patasi. Wewe utaivunja kama ile nyingine. Niliiweka mimi, nitaitoa mimi."

Tulipofika makaburini Mama alipiga magoti, Jafar amemshikia mwavuli. Hakutumia nyundo. Alikwangua saruji kuizunguka ile gololi, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Ikatoka nzima. Akaipangusa kwa gauni, akaigeuza, na kidonda kilikuwepo, kimeshika saruji. Akamwekea Jafar kiganjani.

"Mama, niirudishe?"

"Umeshaitaka. Chukua. Uangalie isianguke."

Aliondoka nayo ndani ya leso. Chai hakunywa. Kama mzungu bado yuko Mbale, sijui. Nikisali sijui niombe ampate au amkose.

Mama tangu jana hajamtaja Jafar. Usiku mvua ilinyesha, na leo alfajiri nilikuta viatu vyake mlangoni vina tope jekundu. Alikuwa ameshakwenda kaburini na kurudi. Anasema yale matundu mawili yamejaa maji. Nilitaka kununua gololi dukani hapa tuyazibe, akakataa, akasema nikuandikie wewe, kwa kuwa kazi ile mliifanya pamoja.

Kwa hiyo, ukija mwisho wa mwaka, tafadhali beba gololi mbili. Nilimwuliza Mama nikuagize za aina gani. Akasema, "Za mtoto kuchezea."

Nisalimie Baba mdogo Mubaraka, na Shafik na Fatumah, na jirani yako wa mandazi. Mungu akulinde safarini na akufikishe kwetu ukiwa na goti zima.

Mimi mwanao nikupendaye,
Ruqaiya

Jumatatu, kabla ya kwenda posta: usiku wa kuamkia leo nililala saa nane kasoro robo. Mama alikuwa bado macho.