Plasta ya Mgongoni

Binti yangu,

Plasta za dawa kali ya maumivu ulizonitumia zimeyatuliza magoti yangu. Mama yako ndiye hunibandika mgongoni, maana dawa hupita ngozini ikaenea mwili mzima; anasema nikiachiwa nitajijaza viraka kama tairi la baiskeli.

Juzi nililalia chupa ya maji moto juu ya plasta, dawa iingie haraka. Kumbe joto huisukuma yote mwilini kwa mpigo mmoja! Nikazama usingizini, pumzi ikaanza kukatika. Mama yako alinizaba makofi, sikuamka. Daktari ndiye aliyenirudisha, kwa sindano.

Mimi nimepona. Yeye tangu hapo halali. Nikisinzia tu, kidole chake kiko puani pangu kusaka pumzi: “Mzee, upo?”

Jana nikamjibu, “Sipo.”

Hakucheka. Alilia mpaka akakaa sakafuni.

Njoo, mwanangu. Unilinde wewe, mama yako apate kulala.

Baba yako, nipo