Sina wa Kunikabidhi Sarafu Yangu

Mpendwa Dada Odessa, naomba unisaidie maana sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni mama mweusi wa miaka hamsini na mbili, hapa hapa Dayton, nilinaswa na vidonge vya maumivu baada ya kupasuliwa goti, na Alhamisi ijayo natimiza mwaka bila kugusa hata kimoja. Kikundi cha mtaani kwetu cha tunaoacha uraibu kilifungwa, wakasema ufadhili umekwisha, kwa hiyo napanda mabasi mawili hadi kanisa moja kwenye kitongoji cha wazungu ambako mweusi ni mimi peke yangu, na si kwamba wananitukana, la, wananikumbatia na kazi ya kahawa wamenipa mimi, lakini siku niliyosimama nikaeleza kwamba kaka yangu Thaddeus alihitaji tiba ya uraibu wa kokeini, badala yake akafungwa jela miaka tisa, na kwamba hofu ile ndiyo iliyonifanya nifiche vidonge vyangu muda wote, mwenyekiti wetu Doreen alinishika bega akasema, "Mpenzi, hayo ni mambo ya nje, kanuni yetu hapa tunaongelea uraibu tu," nikakaa, na wiki iliyofuata Gary, mmoja wa wazungu wa kikundi, akalia nusu saa nzima juu ya hakimu na wakili wake, hakuna aliyemkatiza, wakampa leso. Tangu siku hiyo nikiulizwa najibu, "Naendelea vizuri," kisha narudi kwenye birika langu.

Sasa desturi yetu, anayetimiza mwaka huchagua mtu wake wa karibu amkabidhi sarafu ya shaba ya ukumbusho mbele ya wote, nami sina. Thaddeus, ambaye tangu atoke jela hajagusa kitu, naona aibu kumwomba, maana siku nilipotoka hospitali nilikotibiwa uraibu alicheka akasema, "Mdogo wangu, wewe wamekupa nesi, mie walinipa pingu! Haya, angalau mmoja wetu kalalia shuka safi." Nilicheka naye, kisha nikaenda kulia chooni. Nafikiria nisiende Alhamisi, na najua anayeanza kukosa mikutano huishia wapi. Nifanye nini?

Mpika Kahawa

Mpika Kahawa, pole sana, na hiyo pole ipokee kabla sijakugombeza. Hukusikia vibaya. Kanuni inayomnyamazisha mmoja na kumpa mwenzake leso ni upendeleo, na Doreen aambiwe hivyo, na wewe, kwa mdomo wako.

Ila wewe nawe! Siku zote hizi umejibanza nyuma ya birika, "naendelea vizuri" huku unazama? Mficha maradhi kifo humuumbua. Jana ulificha vidonge, leo unaficha upweke, na ugonjwa ni ule ule.

Alhamisi utakwenda. Kahawa apike Gary. Na leo, kabla hujakunja gazeti hili, mpigie Thaddeus, umwombe yeye akukabidhi sarafu. Unaogopa kumkumbusha pingu? Bibi wee, hajazisahau hata siku moja. Wala usimwombe radhi kwa shuka zako, kosa ni kwamba yeye hakupewa. Kisha fungueni tena kikundi cha mtaani kwenu, hata sebuleni. Wawili mnatosha kuanza.

Akishakukabidhi sarafu, usikae. Mgeukie mbele ya wote, umwulize yeye ana miaka mingapi bila kugusa. Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza.