Majivu ya Mbao za Kijani

Manyatta, Embu
Alhamisi, 5 Juni 2025

Baba mpendwa,

Muga? Hamjambo wewe na mama? Sisi huku tu wazima, Bwana asifiwe, ila mgongo unaniuma na huyu wa tumboni anapiga mateke kama punda wa kubeba maji. Mjukuu wenu Ruguru anawasalimu, anauliza kama kuku wake mwekundu bado yuko.

Najua masikio yako uliyaacha kwenye mashine ya kupasua mbao na simu kwako ni bure, ndiyo maana nimerudi kwa karatasi. Naandika Kiswahili kwa sababu mkweo Njeru anasema nikikuandikia Kimeru lazima ninamsengenya.

Baba, nyumba imekwisha! Paa la zamani tulilishusha lote. Mchwa walikuwa wamekula kenchi mpaka ukigonga ubao unasikia unga ukimwagika ndani. Njeru akaapa hawatamfanyia hivyo tena. Akanunua zile mbao za kijani zilizotiwa dawa, paa lote, na nguzo za veranda pia. Sasa fundi ameacha rundo la vipande nyuma ya nyumba, nami nikavitazama nikakukumbuka wewe, ulivyostaafu ukabaki kugombana na kuku. Yule Mukiri wa huko kwenu akishateremsha ndizi zake sokoni Embu, pikapu inarudi Githongo tupu. Nimempakia vyote.

Tutengenezee kitanda cha mtoto. Daktari ameona ni msichana, na unajua maana yake. Ruguru alichukua jina la mama yake Njeru, huyu ni zamu ya mama. Nataka Ciakuthii mdogo alale kwenye kazi ya mikono yako.

Mwanao,
Karwirwa


Githongo, Meru
Alhamisi, 3 Julai

Mwari wangu Karwirwa,

Muga mono. Nakusalimu wewe, namsalimu Njeru, namsalimu mjukuu wangu. Sisi tuko, ni baridi tu inayotuonea. Ukungu umekaa kwenye kahawa kama mgeni asiyejua kuaga. Kuku mwekundu yuko na bado ana kiburi.

Mbao zimefika. Ee mwanangu, umenitoa kaburini! Kwanza nilizipanga kwa urefu, kisha nikakaa nikazitazama tu, mpaka mama yako akaniuliza kama nimepata bibi mwingine. Nimetengeneza viti vifupi vya jikoni, kabati la sahani, na benchi ya kanisa ambayo mchungaji ameikalia akasema amina. Sikupaka rangi, kijani chake kinatosha. Kitanda nakiacha cha mwisho, mkono uzoee kwanza.

Wewe unanijua, mimi situpi kitu. Akiba haiozi. Vipande visivyofaa na maranda yote anapikia mama yako, na kwa baridi hii jikoni ndiko tunakoshinda. Moto wake ni mkali, tena una ulimi wa kijani, hujawahi kuona. Mama yako analalamika kwamba moshi unamwasha koo. Nikamwambia amezoea kuni za miti ya kahawa, sasa amepata moto wa mjini analia.

Hata majivu sijayamwaga. Nimeyaweka kwenye debe, tutayatia kwenye maharagwe tukishavuna ili wadudu wasiingie, kama tulivyofanya siku zote.

Baba yako,
Kinyua


Manyatta
Alhamisi, 17 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole na baridi. Sisi tuko salama. Nimecheka na barua yako mpaka nikashika tumbo, naye Njeru sasa kila akikaa kitini anasema amina.

Juzi nilikuwa Kanja kwa mama mkwe. Njahi zao mwaka huu zimetobolewa na wadudu zote, ukishika unabaki na maganda. Naomba mnitumie za kwenu kidogo, zile nyeusi zinazopikwa kama maharagwe, ndizo nitakazopikiwa nikijifungua. Maziwa hayatoki vizuri bila njahi, wewe muulize mama.

Na koo la mama mliangalie. Fungueni dirisha la jikoni, baba. Najua utasema baridi.

Mwanao,
Karwirwa


Githongo
Alhamisi, 14 Agosti

Mwari wangu,

Muga. Nakuulizia hali, na hali ya Njeru, na ya mtoto. Sisi tuko, lakini si sana.

Kuku wamekufa wote. Walikuwa wakioga kwenye majivu nyuma ya jiko, unajua kuku. Mmoja akaanza kuyumba, kesho yake wawili, kisha nyumba nzima ya kuku ikanyamaza. Mwekundu naye. Usimwambie Ruguru.

Haikuishia hapo. Ng'ombe alikata kamba akaenda kulamba majivu, kama wanavyotafuta chumvi siku zote, halafu akaenda kulala upande wa ua wa Marete. Jioni akawa anahara damu. Asubuhi tulimkuta miguu juu. Daktari wa mifugo alimpasua, akasema amekula sumu. Sasa niambie wewe, ni nani hapa mwenye sumu? Ndugu yangu Marete alikuwa akinyunyizia kahawa yake wiki hiyohiyo, na tangu tugawane shamba la marehemu baba hajanisalimu kwa moyo. Sisemi kitu. Natazama tu.

Jema ni moja. Haya majivu ni dawa kweli! Maharagwe ya watu yanatobolewa, yetu hayana hata mdudu mmoja, na siafu wakifika kwenye debe wanageuka. Mama yako amewagawia wanawake wa kikundi cha kanisa, kila mmoja mkebe wake, na sasa wanamwita daktari. Njahi zako ndizo hizi. Nimezichanganya mwenyewe kwa mkono wangu. Usizipike mpaka ujifungue, hizo ni za mzazi.

Baba yako,
Kinyua


Manyatta
Alhamisi, 21 Agosti

Baba,

Salamu kwako na kwa mama. Sisi tuko wazima, lakini barua yako imenitia baridi mwilini. Poleni sana kwa ng'ombe. Njahi nimezipata, nimezifungia vizuri.

Tafadhali usimtaje baba mdogo Marete kwa watu. Ulimi hauna mfupa. Ukishasema sumu, huwezi kuirudisha, na yeye ndiye jirani atakayeitika kwanza mkipiga kelele.

Tena nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipoandika koo la mama linaendeleaje. Sijapaona. Nikimpigia simu ananiambia yuko sawa, kisha anaanza kuniuliza habari za miguu yangu. Niambie ukweli.

Mwanao,
Karwirwa


Githongo
Alhamisi, 11 Septemba

Mwari wangu,

Muga. Natumaini umebakiza siku chache tu na kwamba Mungu amekushika mkono.

Sikuandika habari za mama yako kwa sababu alinikataza, alisema mwenye mimba hapewi mzigo. Sasa nakuambia. Anatapika. Miguu inamchoma kana kwamba amekanyaga upupu, na viganja vimekuwa vigumu vinabambuka. Jambo lingine ni kucha zake. Kila ukucha umekatizwa na mstari mweupe, umenyooka, utasema nimeupiga mimi kwa penseli na rula. Zahanati walisema ni vidonda vya tumbo, wakampa dawa. Anasikia baridi tu. Kwa hiyo moto hauzimi, namwekea zilezile za kijani kwa sababu zinashika joto, na njahi nampikia kwa maji ya majivu zilainike haraka. Mimi mwenyewe mkono unatetemeka siku hizi, randa inaniruka. Ni uzee.

Wazee wamekubali kukaa. Jumamosi ya wiki ijayo Marete ataapa mbele ya watu, mbuzi nimeshamtoa. Kama si yeye, hana la kuogopa. Kama ni yeye, kiapo kitamtafuta mpaka kitandani kwake. Usinizuie, Karwirwa. Ninamwona mke wangu akiisha mbele ya macho yangu na sijui nimshike nani.

Kitanda kimekwisha. Nimekipiga msasa mpaka mabega yanauma, maana mtoto akiota meno hutafuna popote, nami sitaki kibanzi kimchome ulimi. Alhamisi ijayo nitakisimamisha barabarani Mukiri akipitie.

Baba yako,
Kinyua


Hospitalini, Embu
Alhamisi, 18 Septemba

Baba,

Nisamehe salamu. Nimejifungua msichana juzi, yuko salama. Soma haya mengine hapo uliposimama, usiketi kwanza.

Usichome tena mbao zangu. Zima moto ulioko sasa hivi. Msile maharagwe wala njahi zilizoguswa na yale majivu, hata mkiosha.

Nelius, dada yake Njeru, ni nesi hapa. Nilikuwa nikimsomea barua yako, nikijisifia kitanda. Nilipofika kwenye kucha za mama, alininyang'anya karatasi akaisoma mwenyewe, kisha akauliza, "Wanapikia kuni gani hawa?" Baba, ile dawa ya mchwa iliyomo kwenye mbao ni sumu ya kuua mtu. Moto hauiondoi. Inapanda na moshi, na inayobaki inajikusanya kwenye majivu. Ndiyo iliyoua kuku. Ndiyo iliyoua ng'ombe. Mama mkwe alikuwa ameshaloweka njahi zangu nyumbani, Nelius akampigia simu azitupe shimoni.

Si baba mdogo Marete. Ni mimi. Mimi ndiye niliyezipakia kwenye pikapu nikicheka.

Simu ya mama imezimwa, ya Marete pia, Mukiri anasema huko stima ilipotea upepo ulipoangusha nguzo. Anasema pia kwamba asubuhi hukutokea barabarani na kitanda. Kwa nini hukutokea, baba? Njeru anapanda naye sasa hivi. Nimeandika kwa sababu hata akipiga kelele hutamsikia. Mama aende hospitali kubwa leo hii, na wewe pia, mwonyeshe daktari barua hii. Kitanda kisije. Mtoto anamngoja mama amwone.

Mwanao,
Karwirwa


Githongo
Ijumaa, 19 Septemba

Karwirwa,

Mama yako ametuacha. Ilikuwa jana asubuhi, wakati Mukiri anateremka. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti changu kifupi karibu na moto. Aliniambia jambo, nami sikulisikia. Nikamwomba arudie. Hakurudia.

Njeru alipofika, boma lilikuwa limejaa watu. Wanawake wa kikundi walikuwa wamekuja kupikia waombolezaji, wakakuta kuni zangu zimepangwa vizuri, wakawasha. Masufuria matatu ya githeri, mahindi na maharagwe yetu. Nilisoma karatasi yako nimesimama, kama ulivyosema. Kisha nikaenda nikaipiga teke sufuria ya kwanza, nikaipiga ya pili. Watu wakanikamata, walidhani ni uchungu umenipanda kichwani. Midomo yao ilikuwa inasema nisiyoyasikia. Ni Marete aliyenitoa mikononi mwao. Alichukua barua yako akaisoma kwa sauti mbele ya wote, mpaka pale palipokuwa na jina lake, kisha akaenda akaimwaga ya tatu yeye mwenyewe. Huyo ndiye niliyemtafutia mbuzi wa kiapo.

Usiseme tena kwamba ni wewe. Wewe ulileta mbao, mimi ndiye niliyekataa kutupa. Nilijisifu mpaka kwa majivu! Naona uchungu na aibu kwa pamoja, mwanangu, sijui ni kipi kinachoniuma zaidi. Kitanda na viti nimevifungia ghalani na benchi ya kanisa itafuata. Havitachomwa. Mtoto mwite Ciakuthii kama tulivyosema, usimbadilishe jina kwa hofu.

Lakini sijakaa kuandika ili nilie. Mama yako aliyagawa yale majivu kwa mikono miwili, unamjua, hata waliokuwa hawakuomba aliwapelekea. Tangu kulipokucha tunatembea nyumba kwa nyumba, mimi, Marete na Njeru, na mkokoteni. Mimi naonyesha barua, Marete anasema, kisha ananiambia kwa vidole wamejibu nini. Wengine wametukabidhi gunia lote palepale. Wengine wanacheka kwa huruma, wanasema msiba umemzidi mzee, mbona maharagwe yao hayana hata mdudu mmoja. Njeru anataka nipelekwe hospitali. Nitakwenda tukimaliza.

Mukiri amesimamisha pikapu anangoja barua hii, kwa hiyo naishia hapa. Tumefika kwa Kaari, yule anayeongoza nyimbo kanisani. Alichukua mikebe miwili kwa sababu ana watoto wengi. Marete amebisha sana, amezunguka mpaka dirishani. Moshi wenye harufu ya maharagwe unatoka jikoni kwake, na hakuna anayefungua.

Baba